Goti moja likivimba peke yake

Hotuba ya daktari wa magonjwa ya ndani kwa wagonjwa wa baridi yabisi na wanaowauguza, Magomeni, Dar es Salaam

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu shikamooni, na ninyi mliokuja kuwasindikiza wazee, habari za asubuhi.

Mwenyekiti, ahsante kwa kunipa nafasi. Niliombwa nizungumzie dawa za baridi yabisi na madhara yake. Nikiifuata mada hiyo ilivyo tutakesha hapa, maana kila dawa ina karatasi yake ndefu ndani ya boksi, na karatasi hiyo inatisha kuliko ugonjwa wenyewe. Nitachukua dhara moja tu, maambukizi. Tena siyo mafua. Nataka tuyaangalie yale ambayo mtu mwenye kinga timamu hayapati, au akiyapata hayamfikishi mbali, lakini kwa mgonjwa wetu yanajificha nyuma ya baridi yabisi mpaka yameshaharibu.

Neno langu kwenu ni hili. Ukiwa unatumia dawa ya kushusha kinga, jambo lolote jipya mwilini mwako lisipewe jina la baridi yabisi kabla halijachunguzwa. Na kila anayekuandikia au kukuuzia dawa, hata ya kikohozi, lazima ajue unatumia nini.

Kwanza niwatoe hofu. Sikuja kuwaambia muache dawa. Kliniki naona kina mama vijana ambao vidole vimepinda hawawezi kufunga kifungo cha shati la mtoto, kwa sababu walizikimbia dawa wakaenda kuchanjwa chale. Baridi yabisi ni kinga iliyogeuka ikaanza kushambulia utando wa viungo vya mwenyewe. Isipotulizwa inakula gegedu, ule mto laini unaofunika ncha za mifupa, inakula mfupa. Dawa zinaituliza, tatizo hazichagui: zinatuliza kinga inayokuumiza pamoja na ile inayokulinda.

Ila dawa zenyewe hazilingani. Haidroksiklorokwini na salfasalazini hazishushi kinga kwa kiasi cha kuwanyima usingizi. (Na kwa kuwa haidroksiklorokwini ni ndugu wa klorokwini, huwa naulizwa kama inakinga malaria. Malaria ya hapa haiikingi. Tanzania Bara iliacha kutumia klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilishaizoea. Laleni kwenye chandarua.) Methotreksati kwa dozi yetu, ile ya mara moja kwa wiki, inashusha kidogo. Predinisoloni, ya jamii ya steroidi, inategemea kiasi na muda. Anayemeza miligramu 5 na anayemeza 20 hawako sehemu moja, na aliyeimeza miaka kadhaa si sawa na aliyeimeza wiki mbili. Juu kabisa ziko sindano za kisasa, infliksimabu, adalimumabu, etanasepti, rituksimabu, na vidonge vya jamii ya tofasitinibu. Hizo jijini hapa wanazitumia wachache, na bei yake mnaijua.

Mtu angedhani basi sisi tuko salama kuliko wagonjwa wa Ulaya. Wapi! Dawa inayoshusha kinga za watu wengi Dar es Salaam haitoki kwenye friji ya hospitali. Imo kwenye kipaketi cha nailoni, vidonge vinne vitano vya rangi mbalimbali, havina jina, unaambiwa "meza hivi asubuhi, hivi jioni". Naona mnacheka, mnavijua. Huwa naomba niletewe kipaketi chenyewe nikimwage mezani. Nakuta diklofenaki, nakuta vitamini, na katikati yao kuna kidonge kidogo cheupe, predinisoloni au deksa, yaani deksamethasoni, steroidi nyingine. Hicho kidogo ndicho kinachofanya kazi, na ndicho mgonjwa hajui anakimeza. Deksa ya miligramu 0.75 tu ina nguvu ya predinisoloni miligramu 5. Udogo wake usikudanganye.

Na anayejisifu kwamba yeye anatumia dawa za asili tu, naye asitulie sana. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu virutubisho vya viungo vilivyokuwa vikiuzwa kama vitu vya asili. Maabara iliikuta humo deksamethasoni na diklofenaki, na kwenye kopo hazikuandikwa. Dawa ya miti shamba ikikuondolea maumivu usiku mmoja, na baada ya miezi uso ukaanza kuwa wa mviringo na mashavu yakajaa, mimi siulizi ni mti gani.

Siwalaumu wanaoipenda steroidi. Mwaka 1948 Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alimchoma sindano za kotisoni, steroidi ndugu ya predinisoloni, mama mmoja mwenye baridi yabisi ambaye kutembea kulikuwa kumemshinda. Baada ya siku chache akainuka akatembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili, Kendall na Reichstein, wakapewa tuzo ya Nobeli. Miaka iliyofuata ndipo madaktari walipoanza kuiona bili: mifupa kuwa dhaifu, sukari kupanda, vidonda kutopona, na maambukizi yasiyo na homa.

Maambukizi yasiyo na homa. Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Kuna mama mmoja, mambo yake mengine nimeyageuza ili asitambulike. Anakaanga samaki na kuuza jioni. Vidole vyake vimekuwa vikiuma kwa miaka, kulia na kushoto, akazoea kipaketi. Siku moja goti la kulia likavimba. Akafanya ambalo nusu ya ukumbi huu mngelifanya: akasema baridi yabisi imepanda, akaongeza vidonge. Akapata nafuu siku mbili. Wiki iliyofuata analetwa kwa bajaji, mguu ameunyoosha mbele, haukunjiki. Tukampima joto, 37.1. Mdogo wake akasema, "Dokta, homa hana, ni viungo vyake hivi hivi."

Tukaingiza sindano gotini kuvuta maji. Maji ya goti lenye afya ni machache, yana umanjano wa mbali, na ukiweka maandishi nyuma ya bomba la sindano unayasoma. Yale yalitoka mazito, ya kijivu, wino wa fomu ya maabara hauonekani upande wa pili. Yalipooteshwa wakatoka salmonela, bakteria wa tumboni, tunaowajua kwa kuharisha. Kwake walipita kwenye utumbo kimyakimya, wakaingia kwenye damu, wakatafuta kiungo ambacho tayari kilikuwa kimechoka. Daktari wa upasuaji akalisafisha goti, mama akawekewa dawa za mshipa, ikachukua wiki kadhaa. Anatembea, ila kwenye kigoda chake cha kukaangia hakai tena. Amenunua kiti kirefu.

Shikeni tabia ya ugonjwa wenu. Baridi yabisi hupenda viungo vingi, hupenda pande zote mbili, huanza na vidogo vya mikono na miguu, na vikipanda vinapanda pamoja. Kiungo kimoja kikivimba peke yake huku wenzake wametulia, kikawa cha moto, kikagoma kukunjwa, hicho si cha kuongezewa vidonge. Ni cha kuvutwa maji siku hiyo hiyo, maana usaha ndani ya kiungo unaharibu gegedu kwa siku chache tu. Kipimajoto kisiwaamulie, kwa sababu predinisoloni inashusha homa na kupunguza wekundu. Wanaotumia tosilizumabu, sindano nyingine ya kisasa, hata kipimo cha damu cha CRP, ambacho sisi madaktari tunakitegemea kutuambia kuna moto mwilini, kinaweza kusoma vizuri huku mtu anaoza ndani. Na tafadhalini sana, goti la namna hiyo lisichomwe "sindano ya goti" kabla maji yake hayajapimwa. Sindano ile ina steroidi. Ni kuwapelekea bakteria chakula.

Nije kwenye TB, na hapa pia sitaharakisha.

Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, ingawa nasi tuna la kujivunia: ni katika mpango wetu wa taifa, ulioanza mwaka 1977, ambapo daktari Karel Styblo alijenga utaratibu wa tiba ambao baadaye dunia nzima iliuchukua. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba robo ya watu duniani wamebeba vimelea vya TB bila kuumwa. Mwili hauviui vyote, unavizingira kwa ukuta wa chembe hai, na protini iitwayo TNF ndiyo saruji ya ukuta huo. Bahati mbaya TNF ndiyo hiyo hiyo inayochochea moto kwenye viungo vyenu. Infliksimabu, adalimumabu na etanasepti kazi yake ni kuizima.

Dawa hizo zilianza kuruhusiwa Marekani mwaka 1998. Mwaka 2001 Joseph Keane na wenzake wakatoa taarifa ya wagonjwa 70 waliopata TB baada ya infliksimabu, wengi wao katika nchi ambazo TB ni ya nadra. Nusu yao ilijitokeza ndani ya wiki 12 tangu waanze dawa. Kwa muda mfupi hivyo, nyingi zitakuwa zilikuwa zimelala ndani siku zote, ukuta ukabomoka. Lakini namba inayonishika mimi ni nyingine. Kati ya wale 70, watu 40 walikuwa na TB nje ya mapafu, na kati ya hao 17 ilishasambaa mwilini. Maana yake ni kwamba ukimsubiri mgonjwa huyu akohoe wiki mbili, kama mabango yetu yanavyofundisha, utamkosa. TB yake ni mtoki shingoni, ni tumbo kujaa maji, ni kukonda na kutoka jasho la usiku.

Au ni mgongo. Mgonjwa wa baridi yabisi akisema kiuno kinauma, kila mtu nyumbani anaijua sababu. Hebu waambieni hivi: baridi yabisi hugusa shingo, lakini uti wa mgongo wa chini kwa kawaida huuacha. Maumivu mapya ya kiuno yanayozidi usiku, kwa mtu aliye kwenye predinisoloni, yapigiwe picha. Wapo waliokandwa kwa mafuta ya mawese na karafuu mpaka miguu ikaanza kufa ganzi, kumbe ni TB ya mgongo.

Kwa hiyo kabla ya kuanza sindano za kisasa, au predinisoloni nyingi kwa muda mrefu, daktari akikuuliza nani aliwahi kuumwa TB nyumbani usione anakutukana. Mwambie, hata kama ni marehemu babu mliyelala naye chumba kimoja. Utapigwa eksirei, na pengine kipimo cha ngozi au cha damu, ila mjue vipimo hivyo vinaweza kusema uongo kwa mtu ambaye tayari anameza predinisoloni. Kovu la BCG begani nalo si hati ya kinga kwa mtu mzima. Ikionekana vimelea vimelala, kuna dawa ya kuzuia, isoniazidi kwa miezi kadhaa au mseto wa mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Na ikiwa umeugua TB yenyewe, tiba yake ina rifampisini, ambayo inaondoa predinisoloni mwilini haraka kuliko kawaida. Viungo vitaanza kulalamika, utadhani dawa za TB zinakuchukia. Mwambie wa TB unatumia nini, na wa viungo umeanzishiwa nini, maana mafaili ya kliniki hizo mbili hayasomani. Vipimo na dawa za TB ni bure katika vituo vya serikali, asikutoze mtu.

Sasa mdudu ambaye hamjawahi kuulizwa habari zake. Jina lake ni strongiloidi, mnyoo mwembamba kabisa anayeishi kwenye udongo wenye unyevu na kuingia kupitia ngozi ya mguu. Aliyelima mpunga Rufiji peku, anayelima mchicha bonde la Msimbazi, watoto tuliokua tukicheza madimbwini, wote tumeshakuwa wenyeji wake watarajiwa. Minyoo mingine huishi miaka michache ikafa. Huyu anazaliana ndani ya mtu bila kutoka nje, ndiyo maana wanajeshi wa Uingereza waliokuwa mateka wa Wajapani kwenye reli ya Thailand na Burma wamekutwa naye zaidi ya miaka 40 baada ya vita. Kinga ikiwa timamu anakaa kwa adabu. Tumbo linakoroga kidogo, ngozi inawasha, pengine kiunoni au makalioni unaonekana mstari mwekundu uliojikunja, ambao baada ya saa moja umeshasogea. Watu hudhani ni fangasi au mtu kawatupia kitu.

Mpe huyo mtu predinisoloni nyingi au deksa, hata kwa muda mfupi, adabu inaisha. Mabuu yanaongezeka kwa maelfu, yanatoboa utumbo, yanapanda mapafuni, na yakitoboa yanabeba bakteria wa kinyesi kwenda nao. Mgonjwa anakuja anakohoa, anabanwa, tumbo limevimba, na damu yake ina bakteria wa tumboni. Akipata homa ya uti wa mgongo, maji ya mgongo nayo yana bakteria hao hao, na daktari anajiuliza wamepandaje mpaka huko. Ugonjwa ukifika hapo wengi hufa. Na kuupata kabla si kazi ya kipimo kimoja cha choo, kwa sababu mabuu hayatoki kila siku. Chembe za damu zinazopanda kwa ajili ya minyoo nazo predinisoloni huzishusha. Mimi nikiwa na mgonjwa aliyekulia kwenye udongo wa aina hiyo na anahitaji steroidi nyingi, siogopi kumpa ivermektini kabla. Albendazoli ya dozi moja wanayopewa watoto shuleni kwa minyoo ya kawaida haimtoshi huyu.

Fangasi nitawapitia mbio. Kriptokoka anapenda kinyesi cha njiwa. Anaingia kwa pumzi, na ugonjwa wake mkubwa ni kichwa kinachouma wiki nzima, wiki mbili, kinazidi, mara nyingi bila shingo kukakamaa. Wenzetu wa kliniki za VVU wanamjua vizuri na wana kipimo cha damu cha kumtafuta, kwa hiyo uwezo upo, linalokosekana ni mtu kukumbuka kwamba mgonjwa wa viungo naye anastahili kupimwa. Mwenye banda la njiwa uani, kazi ya kulifagia mpe mwingine. Histoplasma yeye yuko kwenye kinyesi cha popo, kwa hiyo safari ya mapango ya Amboni kule Tanga naomba muwaachie wajukuu. Mwaka 2008 FDA ilipokagua taarifa za wagonjwa wa dawa za kuzima TNF waliopata histoplasma, taarifa 240, ilikuta 21 ambao ugonjwa haukutambuliwa mwanzoni, na 12 kati yao walifariki. Dawa ya fangasi ilikuwepo. Hakuna aliyemfikiria.

Kuna na nimonia ya pneumosisti. Kikohozi kikavu, pumzi inakata ukipanda ngazi, daktari anasikiliza mapafu hasikii kitu. Kinga yake na tiba yake ni septrini, ile ile mnayoijua.

Na hapa naomba walio na kalamu waandike. SEPTRINI NA METHOTREKSATI HAZIKAI MWILI MMOJA. Zote mbili zinaubana mwili kwenye foliki, vitamini inayohitajika kutengeneza damu, na septrini inaizuia figo kutoa methotreksati. Uboho wa mifupa unaacha kutengeneza damu. Mgonjwa anaanza vidonda mdomoni, fizi zinatoka damu, chembe nyeupe zinakwisha, na baada ya hapo bakteria yeyote anajipitia. Nasema hivi kwa sababu Dar es Salaam kila mtu ana UTI. Ukienda na uchovu una UTI, ukienda na mgongo una UTI, na septrini ni rahisi, unanunua dirishani na chenji inabaki. Yule kijana wa duka la dawa si mchawi wa kujua nyumbani una methotreksati. Mwambie. Kuna dawa nyingine za UTI, kama kweli unayo.

Nikiwa hapo hapo: methotreksati ni mara moja kwa wiki. Mara moja. Chagueni siku msiyoisahau, wengi wangu wamechagua Ijumaa au Jumapili. Duniani kote watu wamekufa kwa kuimeza kila siku kwa kudhani ni kama vidonge vingine. Vidonda mdomoni pamoja na homa, kwa mtu wa methotreksati, ni safari ya hospitali usiku huo huo.

Chakula, kwa kifupi. Maziwa yachemshwe, na mtindi uwe wa maziwa yaliyochemshwa. Maziwa mabichi yanaleta brusela, yanaleta TB ya ng'ombe, yanaleta listeria. Brusela ina ujanja wake, kwa sababu yenyewe inaumiza viungo na kuleta homa za kuja na kuondoka, kwa hiyo kuna mtu anaitwa mgonjwa wa baridi yabisi, anapewa steroidi, kumbe alihitaji antibayotiki. Listeria iliua watu 216 Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018 kati ya 1,060 waliothibitika, na chanzo kilikuwa poloni, nyama ya kusindikwa inayofanana na soseji. Chips mayai sikukatazeni, nitakuwa mnafiki. Mwambieni muuzaji yai liive lote.

Mkanda wa jeshi. Hapa tatizo kubwa ni midomo ya watu. Malengelenge yanatokea upande mmoja wa mwili, yanafuata mshipa wa fahamu, yanaunguza, na mtaani hukumu imeshatoka: "ameukwaa". Basi mgonjwa anajificha ndani, anapaka dawa ya meno au majivu, siku tatu za kwanza ambazo vidonge vya asikloviri vingemsaidia zaidi zinapita. Ni virusi vya tetekuwanga vya utotoni vilivyolala kwenye mishipa. Dawa zenu zinaviamsha, tofasitinibu na wenzake zaidi ya nyingine. Kupima VVU ni vizuri kwa kila mtu, ila mkanda wa jeshi si cheti cha VVU. Ukitokea kwenye paji la uso au karibu na jicho, nendeni siku hiyo hiyo, jicho linaweza kupotea.

Homa ya ini B nayo hulala na kuamka. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto wetu mwaka 2002, kwa hiyo wengi mlioko humu hamkuipata mlipokuwa wachanga. Pimeni kabla ya dawa, rituksimabu hasa.

Mfanye nini basi? Andikeni majina ya dawa zenu na dozi, kwa herufi kubwa, na juu yake maneno haya: NATUMIA DAWA ZA KUSHUSHA KINGA. Karatasi ikae nyuma ya kadi ya bima au ya kliniki, na picha yake kwenye simu. Si simu yako tu, na ya anayekuuguza, maana siku ya kuzidiwa yeye ndiye atakayeulizwa. Mkiugua homa au mkaandikiwa antibayotiki, methotreksati na sindano za kisasa husimamishwa kwanza mpaka mpone, mpigieni daktari wenu awaelekeze. Predinisoloni kinyume chake. Aliyeimeza kwa muda mrefu asiikate ghafla hata siku moja, kwa sababu mwili umeshaacha kutengeneza ya kwake, na akiikata katikati ya ugonjwa presha inaweza kuanguka akapoteza maisha. Ukiwa unatapika haikai tumboni, nenda uchomwe sindano. Na kipaketi kisicho na majina, usikitupe ukajiona umetii. Kilete, tukitambue, tukipunguze taratibu.

Mzee wa hapa mbele aliinua mkono tangu nikiwa kwenye popo. Shikamoo, mzee. Anauliza amepanga kwenda hija na atachanjwa, je, aogope? Chanjo ya homa ya uti wa mgongo wanayochanjwa mahujaji si hai, chanja bila wasiwasi, na ya mafua pia. Ile ya homa ya manjano ndiyo hai, na kwa mtu aliye kwenye dozi kubwa za kushusha kinga haitakiwi. Usikubali kuchanjwa ili tu upate kadi ya njano. Njoo na karatasi ya dawa zako tuone, kuna utaratibu wa kuandikiwa cheti cha msamaha wa kitabibu, lakini hakikisha mapema kwamba huko unakokwenda kitakubaliwa.

Na mama mwenye mtandio wa bluu, binti yake ana mimba ya miezi saba na anachomwa adalimumabu. Methotreksati hatumii, vizuri, hiyo mjamzito haitakiwi kabisa. Mama, swali lako ni zuri kuliko hotuba yangu. Sindano hizo katika miezi ya mwisho zinavuka kondo la nyuma, mtoto anazaliwa nazo na zinakaa kwenye damu yake kwa miezi. Hapa kwetu mtoto anachanjwa BCG akizaliwa tu, na BCG ni chanjo hai. Mwaka 2010 iliripotiwa Uingereza habari ya mtoto ambaye mama yake alikuwa kwenye infliksimabu. Alichanjwa BCG, ikasambaa mwilini, akafariki kabla ya kufikisha miezi mitano. Kwa hiyo BCG ya mjukuu wako isogezwe, angalau miezi sita, na matone ya rota, chanjo ya kuhara ambayo nayo ni hai, yaulizwe kwanza. Chanjo zisizo hai, kama ya pepopunda na kifaduro, apate kwa tarehe zake. Muuguzi wa wodi ya wazazi hawezi kuyajua haya kwa kumtazama mtoto, na BCG huchomwa kabla hamjaruhusiwa kurudi nyumbani. Binti aombe barua kwa daktari wake, ibanwe ndani ya kadi ya kliniki. Aiombe wiki hii, asingoje uchungu uanze.